Kuhamisha Mji

Lugha yetu imeuita mji:
mji wa mimba.
Basi nianze hivi: huko Skara, Uswidi,
Februari, theluji imefika kwenye komeo la zizi,
watu wanne waliovaa kijani walihamisha mji
kutoka kwa kondoo mmoja kwenda kwa mwingine.

Barabara zake kuu ni nne,
mbili za kuingiza damu, mbili za kuitoa,
laini kama tambi zilizokwisha kuiva.
Daktari Estrid Hallengren alizishona chini ya lenzi
kwa uzi ambao ukianguka, umepotea.
Saa ya tano mgongo ulimuuma, akaomba kiti,
kilipoletwa akakikataa.
Walipofungua vibano
mji ulikuwa wa kijivu.
Wakangoja.
Wekundu ukaanza pembeni,
kama shavu la mtu aliyesikia jina lake.

Torborg hakuwemo chumbani. Yeye ni wa zizini:
ndoo, majani makavu, kipimajoto, zamu ya usiku.
Kanuni inasema mnyama ana namba, hana jina.
Namba ni 417, kwenye kipuli cha njano.
Jina ni Ulla, maana kwao sufu ni *ull*,
na jina hilo analijua Torborg
na sikio lenye kipuli.

Kila alfajiri humpa dawa ya kuulegeza mwili
usije ukamfukuza mgeni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu alilala siku sitini
na hakuna aliyethubutu kumwonyesha shamba.
Wa 409 alifukuzwa siku ya tisa,
na mwenyeji wake akaondoka naye.
Torborg ndiye aliyesukuma kitoroli,
gurudumu moja likilia njia nzima.
Jioni alikula viazi amesimama.

Alikuwa na miaka kumi na saba
daktari mmoja alipochora kwa kalamu, akamgeuzia karatasi:
hapa, kwa wengine, pana mji.
Kwako haukujengwa.
Una swali?
Aliuliza kama anaweza kuichukua ile karatasi.
Leo ana hamsini na minne.
Karatasi imo kwenye droo ya uma na vijiko.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Sawa.
Na uchungu wa mwana asiyekuja,
huo amekabidhiwa nani?
Neno tasa ni jepesi mdomoni.
Litamke basi mbele ya mtu
anayempima kondoo joto usiku wa manane,
mikono inanuka iodini.

Mwisho wa Aprili kiinitete kiliwekwa.
Mgeni akashika jembe.

Septemba walimtoa kwa kisu, kilo tatu na robo,
ana ute, ana hasira,
kwato zake laini kama jibini.
Kondo likafuata. Irabu moja tu
inatenganisha kondo na kondoo;
sijui ni nani aliyetupangia hivyo.
Hallengren alivua glavu, akasahau kuzitupa,
akatembea nazo hadi kwenye gari.
Ulla, usingizi wa dawa ungali machoni,
alimlamba mwana kuanzia puani.
Hakuuliza mji ulikuwa wa nani.

Ukurasa wa kumi na moja wa mpango unasema:
Alhamisi 417 atafunguliwa,
mji ukatwe vipande vyembamba, usomwe.
Torborg aligonga mlango. Aliomba wiki.
Mwana anyonye, alisema, hakusema zaidi.
Daktari alitazama ukurasa, akatazama dirisha.
"Hadi Jumatatu."

Jumapili usiku aliketi kwenye majani makavu, redio imezimwa.
Katika mji mwingine, mji wa barabara za lami,
yupo binti aliyechorewa karatasi wiki hii.
Hajui lolote kuhusu zizi hili.
Mwana alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya.
Torborg akafungua daftari la zamu
na kwenye safu ya namba akaandika jina.

Asubuhi mtu alilikata kwa mstari mmoja,
akaandika 417 juu yake.
Alitumia penseli.
Chini ya mstari bado linasomeka.